Kadi Yenye Utepe Mwekundu

"Nani kamwambia shemeji yako aguse mafaili yangu?"

Bi Lebo aliuliza swali hilo mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu bosi akaangalia sakafu kana kwamba jibu limedondoka chini ya meza.

Jina la Bi Lebo alibandikwa kwa kejeli, naye akalivaa. Kazi yake katika kampuni ile ndogo ya filamu ilikuwa hii: kila jioni kadi za kamera zinamfikia zikiwa bado na joto, anazinakili kwenye diski mbili, anakaa kuzitazama, kisha anaipa kila klipu jina lake. Namba ya onyesho, namba ya shoti, teki ya ngapi, yaani imerudiwa mara ya ngapi, kamera A au kamera B. Pembeni anaandika maelezo: taa imepepesa, pikipiki imepita, teki nzuri. Mhariri, ambaye wote walimwita Mkasi, akiandika namba tu, kitu kinakuja. Bila hivyo Mkasi angebaki na klipu elfu mbili zisizo na mwenyewe, azipekue moja moja mpaka macho yamtoke. Ni kazi ya kuchosha na haina makofi. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kama upo.

"Kupanga majina nayo ni kazi?" bosi alipenda kusema mbele za watu. "Hata mke wangu anapanga vikombe kabatini."

Bi Lebo alikuwa akimeza tu. Miaka kumi na tisa kazini, na watoto wawili wa marehemu dada yake wanaomtegemea yeye kwa kila kitu. Mtu kama huyo anajifunza kumeza. Lakini hakuacha kuandika. Aliandika hata mambo ya kabla ya kibao cha kuanzisha teki kugongwa, pale kamera imeshawashwa na waigizaji bado wanajikohoza na kutaniana.

"Takataka hizo!" bosi alimwambia. "Nani atazitazama?"

"Mimi nimeshazitazama," alijibu, akaendelea kuandika.

Sasa sikia balaa lenyewe. Zilikuwa zimebaki siku mbili kumaliza kupiga picha. Mzee aliyecheza babu, ambaye kusema kweli ndiye filamu yenyewe, akacheza onyesho lake la mwisho: amekaa kitandani, anamsamehe mwanawe. Teki ya nne, kamera B, uso wake peke yake. Hata mshika taa alilia, na yule ni mtu mkavu. Jioni ile ile Mzee akaanguka bafuni kwake. Kiharusi. Aliponea chupuchupu, lakini ulimi ulifungwa, na madaktari wakasema wasitegemee kumsikia tena. Kwa hiyo teki ile haikuwa na marudio. Ipo, au ndiyo basi.

Wiki iliyofuata Bi Lebo aliomba ruhusa ya siku tatu, mtoto mmoja wa dada yake ana homa kali. Siku tatu tu, jamani! Bosi akamleta shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mzima mwenye shahada ya biashara na viatu vya kumetameta, eti aboreshe mambo. Shemeji akaona zile namba, akacheka, akasema hayo ni mambo ya kizamani. Akazipa klipu majina ya kibinadamu: Babu Analia Moja, Babu Analia Mbili. Kamera B akazibatiza hivyo, na kamera A akazipa majina yale yale, kwani si onyesho ni lile lile? Alipozihamishia zote kwenye folda moja, kompyuta ikamuuliza kwa adabu zake zote kama klipu mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Akabonyeza ndiyo kwa zote. Kazi yote ya kamera B ya siku ile ya Mzee ikafutika. Na kwa kuwa ni mtu wa usafi, akaenda kwenye diski ya pili akafanya vile vile.

Hasira iliyompanda Bi Lebo aliposikia hayo, aliisikia mpaka kwenye meno.

"Wewe ndiye msimamizi wa mafaili," bosi alisema, sasa amepata pa kushikia. "Kama klipu haipo, mimi najua jina moja tu, lako. Tutatafuta mzee mwingine, tumpige picha kwa mgongoni, mtu aigize sauti. Nani atajua?"

"Mke wa Mzee atajua!"

Na mkewe Mzee alikuwa pale nje, amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu, kwa sababu bosi huyo huyo alimwahidi kumwonyesha onyesho lile.

"Basi toka umwambie mashine imeharibika," bosi alisema. "Wewe ni mwanamke, utajua namna ya kusema."

Lo! Huyu mtu hana haya hata ya kuazima. Bi Lebo alimgeukia shemeji, aliyesimama karibu na mlango.

"Kabatini kwangu kuna kopo la majani ya chai lenye kadi. Ulilifungua?"

"Nililifungua. Bosi alisema kadi zote zifutwe zikafanye kazi ya tangazo."

Utaratibu wa Bi Lebo ulikuwa mmoja: kadi haifutwi mpaka aitazame kazi yake mwanzo mwisho kwenye diski zote mbili, na ambayo hajamaliza huizungushia utepe mwekundu wa gundi. Ile ya Mzee alikuwa ameitazama kwenye diski moja tu, mtoto akaugua. Bosi alikuwa akimwita mchoyo wa kadi mwezi mzima.

"Ukaifuta ya utepe mwekundu?"

Shemeji alikuna shingo. "Nilitaka. Lakini dada, ule utepe umeuzungusha mara ngapi? Kucha ziliniuma. Nikaiacha."

Mkasi, aliyekuwa akisikiliza pembeni, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bi Lebo hakucheka. Aliitoa kadi kwenye kopo, akakata utepe kwa wembe, akaitia kwenye mashine, kisha akaenda mwenyewe mapokezi akamshika mkono yule mama, akamketisha kwenye kiti cha bosi.

"Anza mwanzo kabisa," alimwambia Mkasi. "Kabla ya kibao."

Mzee akatokea, amekaa kitandani, kola imepinda, anamsemesha mtu asiyeonekana. "Harakisheni basi, jamani. Leo zamu yangu kuosha vyombo. Nikichelewa, bibi yangu atasema nimekimbia."

Yule mama alishika mdomo. Kisha akacheka, machozi yanamtoka.

"Hakukimbia," alisema. "Aliviosha vyote. Akavipanga. Ndipo akaenda kuoga."

"Haya, hapo ruka," bosi alisema, akitazama saa. "Twende kwenye teki yenyewe, hayo ya mwanzo tutayafuta."

"Kaa chini," Bi Lebo alisema.

Hakupaza sauti. Kiti kilichobaki kilikuwa stuli ya mshika taa, na bosi akakaa hapo hapo, magoti juu.

"Rudisha tena, mwanangu," mama alimwambia Mkasi. "Pale pa vyombo."

Mkasi akarudisha.