Suruali nyeupe mbele ya Mfalme

Leo nimeaibishwa kijiweni kwangu Mkata, na nimefurahi. Mnihukumu wenyewe.

Sherehe ya Kristo Mfalme. Maandamano yakafika pale tunapoegesha bodaboda, padre akainua Ekaristi, waumini wote wakapiga magoti kwenye vumbi.

Mimi nikabaki wima.
Nimevaa suruali nyeupe ya kwaya, na kijiwe kizima kinanitazama.

Athumani, Mwislamu, dereva mwenzangu, akasimamisha pikipiki kando yangu, abiria yuko nyuma.

"Kaka, huyo si Mfalme uliyemwimba tangu asubuhi?"
"Ndiye."
"Sasa unangoja akuamkie yeye?"

Nikapiga magoti.

Abiria akalalamika anachelewa. Athumani akazima pikipiki.

"Mama, msafara wa mkubwa ukipita si huwa tunasubiri? Na huyu ni Mfalme."