Kila Mtu Ana Kichwa

Mtu aliyeniita mvivu mbele ya mafundi wote alikuwa amekaa kitini, miguu kainyoosha, anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimesimama. Ilikuwa siku ya pili baada ya kuumwa, na kusimama kwenyewe kulikuwa kazi.

Hayo yalitokea miaka michache baada ya Mapinduzi, katika karakana ya ushoni mjini Unguja. Nyumba ilikuwa ya tajiri mmoja wa zamani, yenye ngazi za mbao na madirisha makubwa yanayotazama uchochoroni. Mwenyewe alikuwa keshaondoka, na hatukuulizana kaenda wapi. Ukumbi wake wa juu ulipangwa cherahani safu kwa safu, nasi tukawa tunashona humo sare za wanafunzi wa skuli na nguo za gwaride. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi, na nilijua kushona kabla sijajua kusoma. Siku nikiwa mzima, hakuna aliyenishinda kwa kupachika mkono wa shati. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema ili ijulikane kwamba aliyeitwa mvivu hakuwa mtu asiyependa kazi.

Nilikuwa na kipandauso. Kilinianza nilipovunja ungo na hakikuniacha tena. Wengi wakilisikia neno hilo hudhani ni maumivu ya kichwa ya kawaida, yale ya kumeza kidonge ukaendelea na shughuli zako. Changu kilianzia machoni. Kitu kama meno ya msumeno, chenye kumetameta, kilijitokeza pembeni mwa jicho la kushoto, kikakua mpaka nikawa namwona mtu nusu uso. Kisha vidole vikafa ganzi. Baadaye maumivu yenyewe yakaingia nyuma ya jicho, upande mmoja tu, yakidunda pamoja na moyo. Mwangaza ukawa adui. Harufu ikawa adui: samaki, mafuta ya cherahani, hata udi ambao siku nyingine nikiupenda. Nilitapika mpaka nyongo. Kikiisha, kesho yake nilikuwa kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa ndani ya beseni.

Sasa mchukue mtu huyo umweke katika ukumbi ambamo cherahani zote zinanguruma kwa pamoja, jua la asubuhi linampiga usoni, na nyuma yake pasi za makaa zinafuka moshi. Hapo ndipo nilipokuwa nikikaa mimi, siku zote za kazi.

Mwanzo nilificha. Mama ndiye aliyenishauri.

"Usiseme nje, mwanangu," aliniambia. "Watu hawakijui kipandauso. Watasema una kifafa, na nani atakuja kukuposa?"

Basi nikajitafutia hila zangu. Nilijifunga kitambaa kibichi kichwani, kwa nguvu, juu yake nikavaa mtandio. Nilichukua kipande cha ndimu cha kunusa. Kikianza, nilifumba jicho la kushoto nikashona kwa la kulia, na la kulia likishindwa nilishona kwa vidole. Kwenye cherahani ya pembeni yangu alikaa mjane mmoja, mwingi wa maneno na mwingi wa huruma. Yeye alikuwa akinitupia jicho mara moja tu akajua.

"Nenda katapike, nshakuona," huninong'oneza. "Mie ntakumalizia kola."

Amenimalizia kola nyingi, Mungu amlipe.

Lakini maradhi yanayorudi kila baada ya wiki chache hayafichiki. Siku moja nilishindwa kabisa, nikamwendea msimamizi wetu. Huyu alikuwa mwanamme wa makamo, sauti kubwa, ambaye kabla ya kuletwa pale hakuwahi kutunga uzi katika sindano.

"Unaumwa nini?" aliniuliza.

"Kichwa, bwana. Naomba nende nyumbani nikalale, kesho ntafidia."

"Kichwa tu?"

"Kichwa, na macho hayaoni, na natapika."

Alicheka, akawageukia wenzangu. "Kila mtu ana kichwa, ndugu zangu. Kama kila kichwa kikiuma mtu anakwenda kulala, hizi sare zitashonwa na majini?"

Watu wakacheka. Wao siwalaumu. Zama zile ilikuwa salama zaidi kucheka na mkubwa kuliko kumtazama tu. Nikarudi kitini, nikashona mpaka jioni, na nilitapika mara mbili kwenye ngazi, ndani ya kitambaa changu mwenyewe, nikakipeleka nyumbani kukifua.

Siku iliyofuata aliniambia nikitaka kuaminika nende kwa daktari. Nikaenda zahanati moja ya mjini. Daktari alikuwa mgeni, hajui Kiswahili, na pembeni yake kasimama mkalimani, kijana aliyenyoa vizuri na mwenye haraka. Nilieleza kila kitu: meno ya msumeno, ganzi, nusu ya uso. Nilieleza mpaka koo likanikauka. Mkalimani akamgeukia daktari akasema maneno mawili, labda matatu. Daktari akanimulika tochi ndani ya jicho. Nilidhani nitaanguka. Akasema kitu, mkalimani akatabasamu.

"Anauliza umeolewa?"

"Bado."

"Basi anasema ukiolewa kitakwisha."

Sikujua kama kweli daktari alisema hivyo au mkalimani alijitungia. Mpaka leo sijui. Nilipewa aspirini katika karatasi iliyokunjwa nikatoka. Wala hapakuwa na neno lolote la kumwonyesha msimamizi.

Nyumbani nako kila mtu alikuwa na dawa. Shangazi yangu alisema nina pepo, tena pepo mwenye kiburi, anataka pete na ubani. Jirani akasema niumikwe, nitolewe damu kwa pembe; nikaumikwa, pembe zikaniacha na alama kwenye paji la uso ambazo nilizifunika kwa mtandio siku nyingi. Nilikunywa kombe, maji yaliyooshewa aya. Nilipakwa karafuu iliyosagwa kwenye kipaji mpaka ngozi ikawaka. Sikukataa chochote, maana mtu anayeumwa hana kiburi. Lakini katika wote hao ni Mama peke yake aliyekuwa akifunga madirisha, akaweka shuka juu ya mlango, akakaa karibu nami gizani bila kusema neno. Hakuniponya. Ila hakunibishia.

Kisha ikaja siku ya kwenda Tunguu. Sisi wafanyakazi tulikuwa tukichukuliwa kwa lori siku za mapumziko, kwenda shamba kwa kazi ya kujitolea, na ole wake asiyejitolea. Tulipanda mihogo. Jua lilikuwa kali na tangu alfajiri nilikuwa sijatia kitu tumboni, kwa kuwa asubuhi nilipanga foleni ya mchele Darajani na niliondoka bila mchele wala chai. Kabla ya adhuhuri meno ya msumeno yakajitokeza. Nikaweka jembe chini, nikatambaa mpaka kwenye kivuli cha lori, nikalala kifudifudi kwenye vumbi. Walionipita walinipita.

Siku mbili baadaye ndipo ulipoitishwa ule mkutano, na msimamizi, chai mkononi, akaniita nisimame.

"Wengine wanalima, yeye kalala chini ya gari," alisema. "Huu ni uvivu. Mtu mvivu anaishi kwa jasho la mwenzake. Sema mwenyewe, wewe si mvivu?"

Nilitaka kujibu. Ulimi ulikuwa mzito, kichwa bado kitupu. Nikasema, "Naumwa, bwana," na hapo tena watu wakacheka.

Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira. Kuumwa nilikuwa nimeshazoea. Nililolilia ni kwamba juma lililopita msimamizi huyohuyo aliumwa na jino, shavu likamvimba, na karakana nzima ilinyamazishwa kwa ajili yake. Mtu alitumwa kumtafutia karafuu, mwingine maji ya chumvi. Jino lake lilikuwa na uvimbe wa kuonekana. Mimi maradhi yangu hayakuvimba popote, kwa hivyo hayakuwepo.

Haukupita muda ikaja kazi kubwa ya nguo za gwaride, mashati meupe ya vijana. Tukaambiwa hakuna kutoka mpaka zimalizike. Kipandauso kilinishika katikati ya kazi hiyo, na mjane wangu siku hiyo hakuwepo, alikuwa msibani. Nilishona kwa jicho moja, kisha kwa vidole. Kesho yake mashati yalipokaguliwa, furushi zima la kwangu lilikuwa limepachikwa mikono kinyume, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia.

Msimamizi hakusema uvivu tena. Alisema hujuma.

Aliyekuwepo Unguja wakati ule hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Palikuwa na watu waliochukuliwa kwa maneno mepesi kuliko hilo. Mama aliposikia alikaa chini jikoni.

Niliitwa mbele ya kamati ya kazini, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Yule mwanamke alikuwa mtu mzima, mkali, anasifika kwa kutopoteza siku hata moja ya kazi. Msimamizi akatandaza mashati mezani. Safari hii ulimi haukuwa mzito.

"Mtu anayetaka kuhujumu," nilisema, "hashoni mikono kinyume kisha akaandika jina lake kwenye furushi. Mimi naumwa. Nimesema naumwa mbele ya wote nikachekwa. Nimekwenda kwa daktari nikaulizwa habari za mume. Mnataka nivimbe wapi ndipo muamini?"

Wanaume wakatazamana. Mwanamke akaniangalia muda mrefu, kisha akainamisha macho. Hakuuliza kitu. Mwisho wakaamua kwamba si hujuma ila ni uzembe, na nikaondolewa kwenye cherahani. Nikapelekwa stoo, chini kabisa, kutia vifungo na kudarizi vitundu vyake, kazi ya wanaojifunza.

Nilipokuwa nikishuka ngazi, yule mwanamke alinifuata. Aliangalia juu, akaangalia chini.

"Huanza na vimulimuli, siyo?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Nilisimama. "Naam. Kama msumeno."

"Usikae na njaa. Hata ukikosa kitu, tafuna kipande cha muhogo. Na vikianza tu vimulimuli, kunywa kahawa chungu, ile ya mabarazani, kabla maumivu hayajafika. Yakishafika umechelewa."

"Bibi, na wewe unacho?"

"Tangu nina umri wako."

Damu ilinipanda. "Ulikuwa umekaa pale. Umenisikia. Mbona hukusema?"

"Ningesema, mwanangu, kesho na mimi ningeitwa mvivu," akajibu, akarudi juu.

Nimelitafakari jibu hilo miaka mingi. Najua aliogopa, na najua alikuwa na haki ya kuogopa. Najua pia kwamba neno moja kutoka kwake lingenitosha. Namshukuru kwa kahawa. Kwa kunyamaza kwake sijamsamehe, na sitajifanya nimemsamehe.

Stoo ilikuwa adhabu. Lakini nyumba zile za mawe, chini huwa na kuta nene, na mwangaza uliingia kwa kidirisha kimoja tu cha juu. Palikuwa na ubaridi. Ngurumo za cherahani zilifika kama mvua ya mbali. Pasi za makaa hazikuwepo. Kikinishika nililala juu ya majora ya kitambaa, nikanywa kahawa niliyoiweka ndani ya chupa, na mara nyingine kilipita bila kunitapisha. Nilianza kutia vifungo haraka kuliko walivyoweza kuniletea mashati. Vipandauso havikwisha, ila vilipungua, na vilipokuja sikulazimika kuigiza uzima.

Na msimamizi akafanya nini? Akajisifu. Alikuwa akiwaambia watu, nami nikisikia kupitia ngazi, kwamba kaniponya uvivu kwa adhabu. "Mtu ukimbana, ananyooka," alisema. Kuliko matusi yote, hilo ndilo lililonichoma. Alichukua hata nafuu yangu akaifanya mali yake.

Basi siku moja wakaja wageni, wakubwa, kutazama karakana. Msimamizi akawashusha mpaka stoo, akanionyesha kwa mkono.

"Huyu alikuwa mvivu wetu mkubwa. Sasa ni mfano. Hebu ndugu, waambie wageni ulivyobadilika."

Nikaweka sindano. Mjane wangu alikuwa kaja kuchukua vifungo, kasimama nyuma yao, anatikisa kichwa kwa nguvu, nisiseme.

"Sikubadilika," nilisema. "Sikuwa mvivu. Nilikuwa mgonjwa, na bado mgonjwa. Hapa pana giza na kimya, ndiyo maana nafanya kazi. Juu palikuwa na jua na moshi. Angenisikiliza tangu mwanzo, msingeharibikiwa na mashati."

Mgeni mmoja alikohoa, akaokota kifungo, akauliza vinatoka wapi. Wakaondoka. Mjane akabaki, mikono kichwani. "Lahaula! Wewe utatuua," akasema, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya jora.

Siku nyingi nilingoja kuitwa. Sikuitwa. Msimamizi hakunisemesha tena, akipita stoo anageuza uso, na baada ya muda alihamishiwa kwingine pamoja na sauti yake. Aliyekuja baada yake alikagua kazi yangu, akauliza kwa nini fundi kama mimi anatia vifungo, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniteremshia cherahani moja huko stoo, nikashonea humo hadi nilipoacha kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini na kuanza kushona nyumbani.

Hakuna aliyeniomba radhi. Kila nikilisimulia hili, hatokosekana mtu wa kuniambia yaliyopita si ndwele. Yangu ilikuwa ndwele hasa, na walijulishwa.