Barafu ya Kupoza Kimbunga

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya barafu Liwatoni, bandari ya wavuvi, redio ya muuzaji iliposema kimbunga hupata nguvu kutokana na mvuke wa bahari iliyopata joto.

Mzee aliyekuwa mbele yangu akadakia, "Basi tuitie bahari barafu, kipoe!"

"Bahari yote hii, mzee wangu?" muuzaji akauliza, akionyesha mapande mawili yaliyobaki.

"Tuanze na hayo, mwanangu."

Mama muuza samaki akasukuma beseni lake mbele, akayakumbatia yale mapande kwa mikono miwili. "Anzeni na mengine. Kimbunga hakijafika, na samaki wangu washaanza kunuka."

Sote tukampisha, mzee akiwa wa kwanza. Sijui kama wataalamu watawahi kukidhoofisha kimbunga, lakini kingepita Liwatoni asubuhi ile, nacho kingempisha.