Kifaransa Kilichokatwa Mkia

Kila nikirudi Bwera na mfuko wangu wa miavuli, namkuta Anastasie barazani kwa Jamidah, na kabla sijatua mzigo ameshanichosha.

"Mzee Kosiya, mwavuli yangu iko operational?"

"Iko nini?"

"Operational."

"Mwavuli mzima, mama. Nimeutia waya mpya."

"Sema operational. Tunafanya mazoezi."

Kazi yangu ni kutengeneza miavuli. Nazunguka Kasese, Kisinga, Bwera, kokote mvua inakonipeleka. Kiingereza changu ni cha mgodini nilikokulia: leta, beba, toka. Kimenitosha maisha yote, na watu niliokuwa nikiwatengenezea miavuli hawakulalamika. Lakini mwaka ule wa 2014 huyu mama aliamua kwamba hakuna mtu atakayekunywa chai kwa amani kwenye baraza ile bila kutamka neno la wasomi.

Nieleze kidogo alikotoka. Anastasie alifundisha watoto ng'ambo ya mpaka, Kongo, kwa Kifaransa, mpaka mvi zikaanza kumtoka. Vita vikamvusha. Upande huu wa Uganda cheti chake hakikutambuliwa, akawa anauza mafuta ya mawese kwa kikombe mbele ya nyumba ya Jamidah, mpika chai na chapati. Mtoto yeyote akipita na shati nje, Anastasie anamwita alichomeke. Mtoto hata hamjui. Lakini anachomeka, maana sauti ile ni ya darasani, na darasani ndiko alikotaka kurudi.

Chuo kimoja cha ualimu kule Kasese kilisema kitampokea asomee cheti cha hapa, ila kwanza ahojiwe kwa Kiingereza. Mahojiano ni mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi na moja. Akikosa, ni mawese mwaka mwingine mzima.

Basi akajifunza, na sisi wote tukateseka naye. Kilichoniudhi ni hiki: maneno makubwa yote alikuwa nayo tayari! Vijana wa sekondari wanajiuma ulimi kwa "hypothesis" na "evaluation". Yeye anayameza kama ndizi mbivu. Siri yake alimwambia kila mteja.

"Kiingereza iko Kifaransa wamekata mukia. Weye kata mukia tu, neno inatoka."

Sasa mwambie aombe ndoo.

"Jamidah! Unipatie ile… ile… the container of the water!"

"Baketi, Anastasie! Ba-ke-ti!" Jamidah anapaza sauti kutoka jikoni. "Utafundisha watoto gani, wewe usiyejua baketi?"

"Baketi haiko neno ya wasomi."

"Basi uoge na wasomi!"

Aliyekuwa akimfundisha ni Baluku, kijana wa watu, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mpole kuliko wote tuliokuwa pale. Kila jioni alikuja na baiskeli yake, akapewa chai, akasahihisha. Upole wake uliishia kwenye neno moja.

"Madamu, sikiliza. 'Eventually' si labda."

"Iko labda. Kifaransa ni éventuellement: labda, kama inahitajika. Nilikata mukia."

"Ulikata mkia na maana pia! Kwa Kiingereza eventually ni mwishowe. Kitu itakuja, lazima itakuja, lakini imechelewa."

"Baluku, hii neno miye nilijua zamani, mbele mama yako akubebe tumboni."

Baluku alinitazama kana kwamba mimi nina dawa. Nikainamia mwavuli wangu. "Sawa, madamu," akasema, "kaa na mkia wako." Akapanda baiskeli na kuondoka, chai bado inatoa moshi, na hakurudi. Jamidah alimsema Anastasie mpaka chapati ikaungua.

Siku ya mahojiano nilikuwa napeleka miavuli Kasese, upande wa Nyamwamba, tukaenda pamoja. Mlinzi wa chuo akaniletea mwavuli wake uliogeuka ndani nje kwa upepo, nikakaa kuutengeneza chini ya dirisha la chumba alichoingia Anastasie. Dirisha lilikuwa wazi. Niliyoyaelewa ndiyo haya, na yaliyonipita mama mwenyewe alinieleza njiani.

Mwanzo alikwenda vizuri sana. Mara "objective", mara "analysis", nasikia wakubwa waliokuwa wakimhoji wakiguna kwa kuridhika. Aliyewaongoza aliitwa Bi Kebirungi, mwenye sauti ya kuita watu shambani. Akamuuliza: mtoto ameanguka darasani kwako, kichwa kinatoka damu. Utafanya nini?

"I assist the child," alisema Anastasie. "I clean the wound. And eventually, I call the parents."

Bi Kebirungi akalidaka neno.

"Eventually?"

"Eventually!" Kwa furaha kabisa, kama mtu anayekaribisha wageni.

Bi Kebirungi akaacha Kiingereza. "Mtoto anavuja damu, na mzazi utamwita eventually? Akuje kwa mazishi?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilitaka kumrushia koleo dirishani. Si aliambiwa? Si aliambiwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, akamfukuza kabla hajamaliza chai yake? Na unadhani aliona aibu? Hata kidogo. Akaanza kuwafundisha wao! Kidonda kikiwa kidogo, hamwiti mzazi. Kikiwa kikubwa, anamwita palepale. Ikihitajika. Éventuellement!

"Aaa," alisema Bi Kebirungi. Kumbe alishafundisha karibu na mpaka, Kifaransa kidogo anakijua. "Mama, wewe unaongea Kifaransa na nguo ya Kiingereza." Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. "Nikuulize ya mwisho. Utakuwa mwalimu hapa Uganda?"

Nilijua neno gani linakuja. Nikafumba macho.

"Eventually," alisema.

"Ya Kifaransa ama ya Kiingereza?"

Mlinzi alinigusa bega kuulizia mwavuli wake. Nikamnyamazisha kwa mkono. Nilimfahamu mwanamke yule: kulitupa neno alilokuwa nalo tangu shule, tena mbele za watu, ilikuwa kama kumwambia avue viatu njiani.

"Ya Kiingereza," akasema, kwa sauti ndogo.

"Basi anza mwezi wa pili. Na hilo neno usiniletee tena karibu na mtoto mgonjwa."

Ungedhani atatoka akicheka. Alitoka amenuna, na kununa kule tulikwenda nako mpaka Bwera. Barazani tulimkuta Baluku. Jamidah alikuwa amempigia simu na kumbembeleza aje.

"Madamu! Umepita?"

"Nilipita." Akamtazama juu na chini kama mtoto mwenye shati nje. "Keti. Tutaangalia mikia yote, moja moja."

"Yote, madamu?"

"Yote. Jamidah, chai ya mwalimu! Na unipatie ile… ile container."

Jamidah akashika kichwa. Baluku akaitazama baiskeli yake, akaketi.