Njia Moja na Mama Mkwe

Mwaka ule vitu vya safari vilikaa juu ya mkeka sebuleni kwetu muda mrefu hata watoto wa jirani wakazoea kuviruka. Blanketi nzito, sufuria ndogo, unga wa bukari, yaani ugali, ndani ya kifuko cha kitambaa, samaki wakavu, chumvi, panga, kamba. Viberiti nilivifunga ndani ya kipande cha mpira wa baiskeli visije vikalowa. Mume wangu, fundi wa vyuma katika karakana moja ya mji, alishona kwa mkono wake mifuko mitatu ya mgongoni kutoka turubai kuukuu la kamio, yaani lori. Sisi tulizoea kubeba kichwani, na majirani walicheka.

"Mutakuwa sawa punda!" mama mmoja alituambia kutoka kwenye ua wake.

Mume wangu hakujali. Alinieleza, nami nakueleza wewe kama utahitaji siku moja: kichwa kinafaa njia ya tambarare, lakini ukipanda mlima unahitaji mikono yote miwili. Vitu vizito viweke karibu na mgongo, juu kidogo. Blanketi iende chini kabisa, maana ndiyo ya mwisho kutolewa. Alijaza, akavaa, akazunguka meza, akavua, akajaza upya. Ilikuwa raha kumtazama.

Tulikuwa tunapanga kupanda Kundelungu. Kutoka Élisabethville kamio lilikufikisha chini ya mlima, halafu miguu. Huko juu kuna uwanda mpana wa nyasi na upepo wa baridi, na katika uwanda huo mabonde, na ndani ya mabonde viziwa vidogo. Ni vingi na vinafanana, na asubuhi ukungu huvifunika vyote. Mgeni hutembea kutoka kimoja hadi kingine akidhani anasonga mbele, kumbe anazunguka.

Mama yangu alizaliwa kando ya kimojawapo. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipokufa, alikuwa bado huko. Baridi ilipoanza, mtu aliyeteremka kuuza samaki alileta neno: yaya, ndivyo mama alivyomwita dada yake mkubwa, hatoki tena nyumbani, na kila siku anauliza mdogo wake atafika lini. Mama hakulia. Alisema tu, "Namutaka angali muzima," akaanza kutafuta viatu.

Njia ya kupita kati ya viziwa, nyumbani kwetu aliijua yeye peke yake, na bila mwanamume wa kubeba mizigo wanawake wawili tusingefika. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na miaka yote hii haijapoa.

Kwa watu wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawasemeshani wala hawali mahali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Nisieleweke vibaya, haikuwa chuki. Mama aliishi nasi, katika chumba cha nyuma karibu na jiko. Mume wangu akirudi kazini alikohoa mlangoni pa ua, na mama aliingia ndani. Alimnunulia sukari, na mama alimkaangia karanga, na vyote vilipitia mikononi mwangu. Mjini, penye kuta na milango, unaweza kuishi hivyo mpaka uzeeke. Juu ya mlima kuna njia ya upana wa mguu mmoja, moto mmoja, na kibanda kimoja cha nyasi.

Desturi yenyewe ina mlango wake. Mama mkwe anapika chakula kikubwa, mkwe anakula mbele ya wazee, na kuanzia siku hiyo wanasalimiana kama watu. Tunaita kumwingiza mkwe. Kwetu jambo hilo lilikuwa limeahirishwa tangu nilipoolewa. Nikaenda chumba cha nyuma.

"Mama, umupikie."

"Nimupikie namna gani? Hajaniomba."

Nikaenda sebuleni.

"Uombe chakula."

"Miye niombe?" Mume wangu alishika sindano ya turubai hewani. "Mukwe anaomba chakula kwa bamama? Batasema niko na njaa. Bamama njo banapashwa kuniita." Bamama ni mama yangu, kwa wingi wa heshima.

Chumba cha nyuma tena.

"Anasema umuite."

"Umuambie mutu haitwe. Anaomba."

Hatua chache kati ya milango miwili, nami nikizipita kutwa kama mtu aliyetumwa na vichaa. Wote wawili walikuwa na adabu sana. Adabu yao ilinichosha kuliko matusi.

Basi tukamwita mjomba wa mume wangu, mzee wa reli, aamue. Alikuja na koti lake la kazini, akanywa chai, akaongeza sukari, akasikiliza.

"Chakula ya kuingiza mukwe haipikwe hapa mu cité," alisema, yaani hapa mtaani mwetu mjini. "Kuku ya kununua ku soko, moto ya makala, nani atashuhudia? Bandugu ya mama yako njo banapashwa kuwa pale. Bako wapi?"

"Bako ku viziwa, mujomba."

"Basi mwende ku viziwa."

"Hatuwezi kwenda na mama mpaka amupikie mukwe."

"Basi mungoje."

"Tungoje nini?"

Alinitazama kwa huruma kama mtoto mgumu wa kuelewa, akasukuma kikombe. "Kuko chai ingine?"

Nilimmiminia. Karatasi ya ruhusa ya kutoka mjini, ambayo mtu mweusi hakuweza kusafiri bila hiyo, ilikuwa tayari mfukoni mwa mume wangu. Alikuwa ameisimamia dirishani mwa ofisi, kofia mkononi, mpaka karani akachoka kumwona. Wakubwa wa mji walikuwa wametuachia. Sisi wenyewe hatukuachiana.

Mume wangu, nimpe haki yake, alifikiri njia nyingine. Mimi na mama tutangulie. Kila njia inapogawanyika, mama afunge fundo la nyasi, kichwa cha fundo kikielekea tunakokwenda. Yeye afuate nyuma, mbali, akisoma mafundo. Jioni atalala kwenye moto wake mwenyewe. Mama alipoambiwa, alicheka kwa mara ya kwanza tangu neno la yaya lifike.

"Huyu bwana yako iko na akili," alisema. "Umuambie."

Jumapili moja baada ya misa tukajaribu, na mizigo yote mgongoni, kwenye vijia vya nyuma ya mtaa wa Ruashi, pembeni mwa mji. Mama alitembea vizuri. Mfuko wa turubai ulimkaa kama alizaliwa nao. Alifunga mafundo yake kwa haraka, bila kuinama sana, akiniambia jina la kila nyasi. Tulipofika kwenye kijito alitaka kunawa miguu. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, kanga imepandishwa magotini, wakati mume wangu alipotokea nyuma yetu. Mafundo yalikuwa mazuri mno, akayasoma mbio, na kwa furaha ya mpango wake kufaulu alisahau kukohoa.

Mama akamwona. Alifanya alichofundishwa tangu utoto: aligeuka ili aingie vichakani. Mzigo ukamvuta. Alianguka kati ya mawe, na nikasikia sauti ya mguu wake.

Na mume wangu naye alifanya alichofundishwa. Aligeuza mgongo, akasimama wima, akitazama tulikotoka.

"Kuja unisaidie!" nilimwita.

"Anaumia?" aliuliza miti iliyokuwa mbele yake.

"Kuja!"

"Siwezi kumushika. Unajua."

Na mama, uso umejaa maji na maumivu, akanivuta nguo. "Usimuite. Niko na magoti wazi."

Nilimbeba peke yangu mpaka tukapata mtu mwenye baiskeli. Mume wangu alifuata kwa mbali na mifuko yote mitatu, akilia, nilimsikia. Machozi yake yalinizidishia hasira. Nilitaka mikono yake.

Nyumbani nilimfunga mama mguu, kisha nikasimama uani, katikati ya milango miwili, nikasema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia: "Kuanzia leo sibebe neno ya mutu. Muko na vinywa."

Nikatimiza. Sukari ilibaki sebuleni, karanga zikabaki jikoni. Mume wangu akianza, "Umuambie bamama," nilitoka nje. Mama akianza, "Umuambie bwana yako," nilichota maji. Nyumba ilikuwa kimya kama nyumba ya msiba, na kila asubuhi niliangalia mawingu. Mvua ikianza, kamio halipiti tena kule.

Mguu ulichukua muda wake. Siku mama alipoweza kuukanyaga, alimkamata kuku wetu wa uani, akawasha makaa na kupika bukari. Sikumsaidia, naye hakuniomba. Jioni, mume wangu alipokohoa mlangoni, mama hakuingia ndani. Alibaki kwenye kigoda chake, mgongo umemwelekea, akapaza sauti.

"Mukwe! Chakula yako iko hapa. Hakuna mujomba, hakuna mushahidi. Ukikataa, nitaenda na fimbo, miye peke yangu."

Mume wangu alivua kofia. Aliketi chini kabisa, kwenye udongo, akala. Alipomaliza, mama aligeuka. Walitazamana.

"Jambo, mama," alisema mume wangu.

"Jambo, mwana. Kamio inaondoka lini?"

Tulipanda Kundelungu mvua za kwanza zikitufuata. Mume wangu alibeba mifuko miwili, na penye mteremko mkali mama alimshika bega, akamwelekeza kushoto, kulia, kati ya kiziwa na kiziwa, bila kukosea hata mara moja. Tulikula kwenye sufuria moja. Njiani walizoeana upesi, wakaanza hata kutaniana kuhusu mwendo wangu. Ningepaswa kufurahi. Kila walipocheka nilihesabu muda tulioupoteza, nikauma meno.

Kaka za mama walitupokea kando ya maji. Kutoka nyuso zao tulijua. Yaya alikuwa amezikwa wakati mama alipokuwa amelala na mguu uliofungwa. Mpaka mwisho alikuwa akiuliza.

Mama alikuwa bado hajavua mzigo wakati mkubwa wao alipomwona mume wangu amesimama karibu naye, bega kwa bega. Akakunja uso.

"Huyu mukwe, nani alimwingiza? Sisi hatukuwako. Kuko mbuzi ya kulipa hapa."

Nilifungua mdomo, na maneno niliyokuwa nayo hayangefaa msibani. Mama aliniwahi. Alisukuma fimbo yake ardhini.

"Miye nilipika," alisema. "Yeye alikula. Munionyeshe kaburi."