Kaktasi ya Shangazi Nasimiyu

Mbolea ya kupandia mahindi ina harufu kali inayokaa kwenye vidole hata ukinawa kwa sabuni, na mimi nilikua nayo mikononi. Kwetu Kitale, mmea usiotiwa mbolea wala kupaliliwa ulihesabiwa yatima. Hiyo ndiyo elimu niliyoibeba likizo moja ya Agosti, miaka ya themanini, nilipopelekwa Bungoma kukaa na shangazi yangu Nasimiyu, karani aliyepanga nyumba Kanduyi. Shangazi alikuwa na kaktasi ndogo, mviringo kama ngumi ya mtoto, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia aliotoboa kwa msumari. Aliilea miaka minne bila kuona ua, na jirani yake, Mama Wekesa, alilitangazia kanisa zima kwamba kuna mtu Kanduyi anafuga miiba. Likizo ile yakachomoza matumba matatu. Shangazi akawaalika akina mama wa kanisa, Mama Wekesa wa kwanza, waje Jumamosi wanywe chai na kujionea. Mimi nilipewa kazi moja: kuitoa nje juani asubuhi na kuirudisha ndani jioni. Maji, alisema, nisiipe hata tone.

Niliihurumia. Kila alipokwenda kazini niliinywesha kikombe kizima, nikaiongezea samadi na kiganja cha mbolea niliyoikuta kwenye gunia jikoni. Matumba yalivimba, nami nikajiona bwana shamba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini langu lilikaa zima hadi Jumamosi asubuhi, Shangazi akiwa sokoni kununua sukari. Niliigusa kaktasi, kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyooza. Matumba yote yakadondoka. Nikakimbia nyuma ya nyumba, nikachuma ua la malenge, nikalichomeka kwenye miiba.

Wageni walipofika, Mama Wekesa aliinama, akanusa.

“Si hili ni la malenge?”

Shangazi alilitazama ua, kisha akanitazama mimi. “Mama Wekesa, wewe umewahi kuona kaktasi ikichanua?”

“Hapana.”

“Basi kunywa chai, bana.”

Walipoondoka hakunichapa. Aliupindua mkebe, punje za mbolea zikamwagika mezani. “Wewe,” akaniuliza taratibu, “ulitaka tuvune magunia mangapi?” Nilicheka. Yeye hakucheka, na hakupanda nyingine maisha yake yote.

Siku hizi kaktasi zinauzwa kando ya barabara hapa Kitale zikiwa na maua tayari, na hata watoto wanajua kwamba hazitaki maji mengi. Yangu iko dirishani, ndani ya kopo la plastiki, na kila mwaka huchanua siku tatu au nne. Kila mwaka nilisema safari ijayo nitampelekea Shangazi aione. Kutoka hapa hadi Kanduyi ni mwendo wa asubuhi moja tu. Sikuipata asubuhi hiyo mpaka siku tuliyokwenda kumzika.