Wimbo wa Majina Ndani ya Moshi

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi pale Kasongo, mwanangu, enzi za Wabelgiji, nikiwa nimefanywa kapita, yaani msimamizi, wa wazima-moto juzijuzi tu. Kofia ya chuma waliyonipa ilinishuka mpaka kwenye nyusi. Ramazani, mcheshi wa kikosi chetu, alinizunguka akicheka: "Aa, kapita mupya! Kofia inakumeza! Kesho tutakutafuta humo ndani."

Kabla sijamjibu, ghala la pamba likashika moto.

Wewe hujaona pamba ikiungua. Haiwaki kama nyasi. Inajila ndani kwa ndani, kimya, halafu paa zima linapumua moshi kama mnyama mkubwa. Nilisimama mdomo wazi. Kisha nikanyakua ndoo, nikawapita wote mbio. Si mimi ndiye mkubwa?

Mkono ukanikamata bega. Alikuwa Mzee Amisi, kapita wa zamani aliyeniachia kazi. "Tua ndoo. Ukibeba maji, macho yetu atabeba nani? Imba majina."

Hiyo ni desturi ya wawindaji wa Kabambare. Wakichoma nyika, kiongozi anasimama pahali pamoja akiimba majina, na kila mutu anaitika, maana ndani ya moshi ni sikio linaloona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu nilikuwa naipenda. Nikatua ndoo, nikaimba kwa sauti ya mwana-mbuzi.

"Feruzi ee!"

"Niko!"

"Kisubi ee!"

"Niko!"

Na ajabu, mwanangu: ndoo zikaanza kwenda mkono kwa mkono kwa mapigo ya wimbo, watu wale wote wakawa mwili mmoja.

"Ramazani ee!"

Kimya.

Alikuwa ameingia ghalani kuvuta marobota ya pamba. Na Bwana wa pamba, Mbelgiji mwenye ghala, anapiga kelele: "Maji kwenye pamba! La sivyo, kapita, utakula fimbo!" Nikamtazama Mzee Amisi. Akageuza uso, akaangalia mbingu kana kwamba hanijui. Hapo nikaelewa: neno ni langu.

"Maji yote mlangoni, Ramazani apate njia!"

Nikabaki na jina lile moja. Mstari mzima ukaliimba pamoja nami, ardhi ikatetemeka, mpaka moshi ukatema mtu mweusi kwa masizi, anatambaa, anakohoa.

"Niko… Kapita, kofia bado inakumeza."

Pamba iliungua. Fimbo nilikula, na Ramazani ndiye aliyenipaka mafuta mgongoni, akinichekesha mpaka nikaumia zaidi.

Leo kofia hiyo umevaa wewe. Usishindane na watu wako kubeba ndoo, simama wanapokusikia. Jua majina yao kabla ya moto, siyo baada. Pamba hupandwa tena, mutu hapandwi. Na mkubwa wako akikugeuzia uso, usimuone mubaya: amekuamini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyokaushwa na moshi, na kila jina utakaloliita, liitike.